Mwanafunzi Anayefanya Kazi: Nani Anahesabu Saa Zake?

Kwa jiji la Dar es Salaam, swali la iwapo mwanafunzi wa chuo kikuu afanye kazi limeshajibiwa na maisha yenyewe. Anafanya. Anayekuhudumia kwenye kibanda cha miamala Mwenge saa tatu usiku, anayefundisha tuisheni ya hisabati sebuleni mwa watu Sinza, anayepiga picha za harusi Jumamosi na kuzihariri mpaka alfajiri, dereva wa bodaboda anayekupandisha Changanyikeni huku amevaa begi la kompyuta kifuani: miongoni mwao wamo wenye kipindi kesho saa mbili asubuhi. Linalobaki la kujadili ni zito zaidi. Je, chuo, Bodi ya Mikopo ya wanafunzi na mwajiri wanajua kwamba wanamgawana mtu mmoja?

Mjadala ufuatao nimeupanga mwenyewe. Wasemaji sikuwapa majina, kwa kuwa maneno ya kila mmoja ni ya wengi, na yeyote aliyewahi kukaa kwenye vimbweta vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, jioni ameyasikia. Nimemruhusu kila mmoja aseme kwa kadiri ya uzito wa alichonacho, nami nimeingilia pale niliposhindwa kunyamaza.

KIJANA WA MWAKA WA PILI: Nianze na matumizi, maana kuna watu hudhani tunatafuta kazi kwa tamaa ya simu mpya. Nina mkopo wa Bodi na ninaushukuru. Fedha ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku. Kabla ya mwaka wa masomo 2022/2023 ilikuwa 8,500. Lakini haiji siku kwa siku, inakuja kwa mafungu tunayoyaita boom, na boom likichelewa mwenye nyumba hachelewi. Hosteli nilikosa. Nimepanga gheto na mwenzangu, na kodi tunalipa ya miezi sita kwa mkupuo. Toa hiyo, toa nauli, toa bando, toa gharama za kuchapa kazi. Halafu nyumbani kuna mdogo wangu. Mama hapigi simu kuomba hela. Anapiga kunisalimia, ananisimulia kwamba viatu vya shule vya mdogo wangu vimeachia, kisha ananyamaza. Baada ya simu kama hizo ndipo nilipokwenda kuomba nafasi kwenye uwakala wa miamala ya simu. Nakaa dirishani saa kumi na moja jioni mpaka saa tano usiku, siku sita kwa wiki.

MHADHIRI: Kijana wangu, katika hayo sina la kukukatalia. Ila nami nina hesabu yangu, na nakuomba uisikilize kama nilivyoisikiliza yako. Katika mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu, krediti 1 ni saa 10 za kujifunza. Shahada ya miaka mitatu ni krediti 360, yaani 120 kwa mwaka, yaani saa 1,200. Zigawe kwa wiki 30 za mihula miwili, unapata saa 40 kila wiki. Si vipindi peke yake. Humo kuna kusoma maktaba, mazoezi, kazi za kuandika na maandalizi ya mitihani. Kwa hiyo shahada yenyewe ni kazi ya kutwa. Wewe dirishani unakaa saa 36. Jumla 76. Ongeza safari za kwenda na kurudi, tuseme saa 14 kwa wiki: 90. Wiki ina saa 168. Ukitaka kulala saa 7 kila siku, hizo ni 49. Zimebaki 29 za kupika, kufua, kula, kuswali au kwenda kanisani, na kuugua.

KIJANA: Basi zinatosha, Dokta.

MHADHIRI: Karatasini zinatosha. Lakini saa za usomaji wako binafsi zilitakiwa ziwe jioni, na jioni umeiuza. Ukifunga saa tano, ukifika gheto saa sita, na kipindi kikiwa saa mbili asubuhi, usingizi unaopata hauzidi saa tano. Mimi nakuona darasani. Macho yako wazi lakini hakuna kinachoingia. Tunajua siku hizi kwamba ubongo huyapanga na kuyahifadhi yaliyofundishwa mchana wakati mtu amelala. Ukipunguza usingizi, unapoteza hata ulichokwisha kukisikia.

KIJANA: Nami niseme kuhusu ratiba. Jumanne nina kipindi saa mbili mpaka saa nne asubuhi. Kinachofuata ni saa kumi alasiri. Katikati kuna saa sita. Nyumbani ni mbali, maktaba imejaa, kazini hawanihitaji. Kisha hicho cha saa kumi kinagongana na zamu yangu, na ndicho ninachokikosa. Kama vipindi vyangu vya Jumanne vingefuatana, nisingekosa hata kimoja.

Hapa niseme neno. Tunapozungumzia mwanafunzi anayefanya kazi huwa tunazungumza kama mzigo wake wote ni wingi wa saa. Mara nyingi kinachomvunja ni mahali saa zilipokaa. Mtu anaweza kubeba saa 76 zilizopangika na akashindwa kubeba 60 zilizotawanyika. Ratiba ya chuo hupangwa kwa kuangalia kumbi na walimu, na hilo linaeleweka kwa kuwa kumbi ni chache na walimu ni wachache. Lakini hupangwa kana kwamba muda wa mwanafunzi hauna bei.

MWENZAKE WA KIKUNDI: Kaka, mimi nitasema yasiyopendeza. Tuko wanane kwenye kikundi. Kazi za muhula zina alama 40 kati ya 100, na sehemu kubwa ya hizo ni za kikundi. Tukikutana saa kumi na mbili jioni, wewe haupo. Tukihamia WhatsApp, unajibu saa sita usiku nami nimelala. Mwisho naandika mimi na mwenzangu mmoja, jina lako tunaliweka kwa sababu tunakuonea huruma, na siku ya kuwasilisha unasoma slaidi zile kwa mara ya kwanza mbele ya Dokta. Nami nina shida zangu. Sina mkopo hata kidogo. Baba yangu ameuza ng'ombe.

KIJANA: Gharama za kuchapa huwa natoa mimi, dada. Zote.

MWENZAKE WA KIKUNDI: Unatoa, na tunashukuru. Lakini kulipia karatasi hakukufundishi kilichoandikwa humo. Halafu wewe ni afadhali. Kuna wenzetu wenye kipato wanaoandikiwa utafiti mzima kuanzia sura ya kwanza hadi ya tano. Na anayewaandikia ni nani? Ni mwanafunzi mwingine asiye na hela. Hiyo nayo ni kazi ya mwanafunzi, na ndiyo inayoniuma kuliko zote.

Inaniuma na mimi. Katika shughuli zote zinazoshindana na masomo, hii inaua pande zote mbili: mnunuzi anapata shahada isiyo na maarifa, na muuzaji anatumia maarifa yake kujenga jina la mtu mwingine huku kazi zake zikilala. Wakikamatwa tunawaita wadanganyifu, na ni kweli wamedanganya. Lakini soko hilo linalishwa na uchovu wa mmoja na njaa ya mwingine, na adhabu peke yake haiwezi kulifunga.

MWENYE STESHENARI: Mimi niseme kwa kifupi, wateja wananingoja. Nimeajiri wanafunzi wawili. Wanajua kompyuta, ni waaminifu, wanajifunza haraka. Mkataba hawana, na wenyewe hawautaki. Kipindi cha UE, mitihani ya mwisho wa muhula, nawapa ruhusa, lakini ratiba ya mitihani inatoka imechelewa, kisha inabadilika. Naambiwa leo kwamba mtihani ni kesho. Nifanyeje, nifunge duka?

MHADHIRI: Kwa nini hawautaki mkataba?

KIJANA: Nitajibu mimi. Mwongozo wa Bodi unamtaka mwombaji wa mkopo asiwe na kipato cha ajira wala mkataba wa kazi. Nani atakubali karatasi inayoweza kumgharimu mkopo? Tunafanya kazi, lakini kimaandishi hatufanyi.

Jibu hilo tusilipite haraka. Masharti ya Bodi yana mantiki yake: fedha ni za umma, wahitaji ni wengi, na mwenye mshahara hawezi kupangwa mstari mmoja na yatima asiye na kitu. Lakini kwa mwanafunzi mwenye kazi ndogo matokeo yake ni kwamba kazi inafichwa, na kazi iliyofichwa haina mlinzi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, imeagiza saa za ziada zilipwe mara moja na nusu ya malipo ya kawaida, na kazi ya usiku iwe na nyongeza ya asilimia 5. Kijana wa dirishani hapati lolote katika hayo, maana hana anachoweza kumwonyesha ofisa wa kazi. Sheria ya kazi inahesabu saa za mwajiriwa. Tume ya Vyuo Vikuu inahesabu saa za mwanafunzi. Hakuna anayezijumlisha, na mwenye mwili mmoja anazitumikia zote mbili.

MZEE MSTAAFU: Wajukuu zangu, mnazungumza kana kwamba jambo hili limezaliwa jana. Mimi ni mtoto wa Azimio la Musoma la mwaka 1974. Chama kiliamua kwamba kijana akimaliza kidato cha sita asikimbilie Mlimani. Aende Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi isiyopungua miaka miwili, na mwajiri wake na tawi la chama wampendekeze. Tulinung'unika sana. Lakini nilipoingia chuo nilikuwa mtu mzima. Mhadhiri akizungumzia bajeti ya wilaya, mimi nilikuwa nimeishika kwa mikono yangu. Kazi haimharibu msomi. Elimu ya kujitegemea tuliihubiri tangu 1967, na leo naona ninyi ndio mnaoiishi.

KIJANA: Shikamoo, mzee. Maneno yako nayaheshimu. Lakini ninyi kazi na masomo vilikuja kwa zamu. Mlifanya kazi kwanza, kisha mkasoma mkiwa mmetulia, ada, chakula na malazi vikilipwa na serikali. Sisi vimetuangukia kwa mpigo.

MZEE MSTAAFU: Marahaba. Hapo umenishika. Uchangiaji wa gharama ulipoanza miaka ya tisini mwanzoni mimi nilikuwa nimeshamaliza.

Hoja ya kijana ni sahihi, nami nasimama nayo. Wanaowaambia wanafunzi wa leo kwamba zamani watu walifanya kazi na wakasoma husahau neno dogo: kwanza. Hata hivyo mzee ametuachia jambo la maana. Utaratibu wa Musoma ulilegezwa baadaye, na ulikuwa na kasoro zake, lakini ulikiri kwamba mtu mwenye uzoefu wa kazi analeta chuoni kitu ambacho kijana aliyetoka kidato cha sita hana. Vyuo vyetu vya leo vinaye mtu huyo darasani kila siku na havimuulizi chochote.

MWALIMU WA SHULE YA MSINGI: Mimi nimekaa kimya kwa sababu naona mnazungumzia vijana, na mimi ni mama wa watoto wawili. Nafundisha darasa la nne, nasoma shahada Chuo Kikuu Huria. Chuo hiki kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kikapokea wanafunzi wa kwanza 1994, kwa ajili ya watu wa aina yangu. Hakinidai niwe darasani Jumatatu asubuhi, kwa sababu Jumatatu asubuhi nina darasa langu mwenyewe lenye watoto zaidi ya mia. Nachagua kozi chache ninazoziweza, mitihani nafanyia kituo cha mkoa. Nimetumia miaka mingi kuliko niliyokuwa nimepanga. Lakini sijadisco, yaani sijafukuzwa masomo.

MWENZAKE WA KIKUNDI: Kwa hiyo wewe dada huchoki?

MWALIMU WA SHULE YA MSINGI: Nachoka, mdogo wangu, tena sana. Narudi nyumbani na madaftari ya kusahihisha. Napika, watoto wanakula, nawalaza, kisha nafungua moduli saa tatu usiku, na saa nne kichwa kiko mezani. Mwezi wa mitihani ya muhula shuleni kwangu sigusi kitabu changu hata kidogo. Wenzangu nilioanza nao baadhi wameacha: mmoja alijifungua, mwingine alihamishiwa wilaya yenye mtandao wa kubahatisha. Usidhani kujipangia mwendo kunaondoa uchovu. Kunaondoa hofu. Nikishindwa muhula huu, najua muhula ujao mlango uko wazi. Huyu kijana akishindwa muhula mmoja, anaweza kufukuzwa na mkopo akadaiwa.

MHADHIRI: Hapo ndipo ninapopata wasiwasi wangu mkubwa, na nitausema. Tukianza kulegeza kwa kila mwenye dharura, tutatoa shahada za huruma. Mgonjwa hatauliza kama daktari wake alikuwa anauza vocha alipokuwa anasoma. Daraja halitasimama kwa kuwa mhandisi wake alikuwa na maisha magumu.

KIJANA: Hatuombi kulegezewa mtihani, Dokta. Nipe mtihani ule ule, nipe kozi zile zile. Nipe ruhusa ya kuchukua tatu kwa muhula badala ya sita. Nilipokwenda kuuliza, niliambiwa njia ni kuahirisha mwaka mzima. Nikiahirisha mwaka, boom linasimama, na mtu asiye na boom hukaa dirishani kutwa nzima. Wengi walioahirisha kwa ajili ya kazi sijawaona wakirudi.

MHADHIRI: Na hiyo kazi yenyewe inakufundisha nini?

KIJANA: Inanifundisha kwamba floti, yaani salio la wakala, ikiisha saa moja jioni, mteja anahamia kibanda cha jirani na harudi. Inanifundisha kumtambua tapeli kwa namna anavyoharakisha. Ukinifundisha usimamizi wa fedha taslimu katika biashara ndogo, mimi naona sura za watu. Halafu, Dokta, fungua tangazo lolote la ajira. Wanataka shahada, na wanataka uzoefu wa miaka miwili au mitatu. Mafunzo ya vitendo ya wiki nane wakati wa likizo yatanipa miaka hiyo?

MHADHIRI: Hayatakupa. Hilo nakubali. Na nikiri jambo jingine: maktaba yetu inahitaji watu wa kurudisha vitabu kwenye rafu, maabara za kompyuta zinahitaji wasimamizi jioni, mwaka wa kwanza wanahitaji wa kuwaongoza katika semina. Kazi hizo zingekuwa hatua chache kutoka darasani kwako, bila daladala, na anayekusimamia angejua siku zako za mitihani.

Vyuo vya nchi nyingine hufanya hivyo kwa kawaida. Vijana wetu wanaokwenda kusoma Marekani hukuta ajira za ndani ya chuo zenye kikomo cha saa 20 kwa wiki muhula unapoendelea. Uingereza nayo huwawekea wanafunzi wengi wa shahada wenye viza ya masomo kikomo hicho hicho. Sheria hizo zimetungwa kwa ajili ya kudhibiti wageni, wala sizisifu kwa huruma. Lakini zinakubali mambo mawili ambayo sisi hatujayaandika popote: kwamba mwanafunzi anaweza kufanya kazi, na kwamba kuna idadi ya saa ambayo ikivukwa yeye si mwanafunzi tena.

Sasa nitoe maoni yangu wazi. Kwa kijana wa dirishani, nasema saa 36 ni nyingi mno. Namwambia hivyo kwa upendo, nikijua kwamba viatu vya mdogo wake ni halali kabisa. Kazi ya saa 15 au 20 karibu na chuo inaweza kubebwa na mtu mwenye afya. Zaidi ya hapo analipa kwa alama, na alama zikishuka atakuwa ameuza kile kilichomleta mjini. Akichagua kati ya kazi mbili, achukue ile yenye malipo pungufu na zamu inayotabirika. Na kwenye kikundi aseme mapema atafanya sehemu gani na lini, badala ya kusubiri kuonewa huruma.

Lakini siwezi kumtwisha yeye peke yake. Seneti za vyuo vyetu zinaweza kuruhusu mwanafunzi wa mchana asajili nusu ya mzigo kwa mihula kadhaa, kwa mitihani ile ile na ada iliyogawanywa. Kama Chuo Huria kimeweza kwa zaidi ya miaka thelathini kumpa mtu mzima mwendo wake, chuo cha bweni kinaweza kumpa kijana wa miaka ishirini na mbili. Bodi ya Mikopo inaweza kuzitandaza fedha za miaka mitatu zifike miaka mitano kwa anayesoma nusu, bila kuongeza shilingi kwenye jumla ya deni lake, ambalo akiajiriwa atalilipa kwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi. Inaweza pia kuweka kiwango kidogo cha kipato ambacho mwanafunzi akikitaja hakimnyimi mkopo. Faida yake ni kwamba kazi itatoka gizani na mkataba utaandikwa. Na wapanga ratiba watoe ratiba ya mitihani mapema na waiache ilivyo. Hili la mwisho halihitaji bajeti wala sheria mpya.

Wasiwasi wa mhadhiri kuhusu ubora ni wa haki, na kwa maoni yangu unaunga mkono mabadiliko haya. Shahada iliyosomwa kwa miaka mitano na mtu aliyelala usiku ina thamani kuliko ya miaka mitatu iliyokamilishwa kwa kunakili na kuandikiwa.

Ombi langu kwa vyuo ni dogo la kuanzia. Fomu ya usajili ya kila muhula iwe na swali hili: unafanya kazi, na kwa saa ngapi kwa wiki? Aliyejibu kweli asiadhibiwe na chuo wala na Bodi, na majibu yakishapatikana yawekwe mezani mbele ya watu wanaopanga ratiba.